Ukuta wa Nyuma ya Bahari

Umeuona. Usiniambie hujauona. Ule weusi kwenye pembe ya chumba, unaoanza kama alama ya kidole chenye masizi na mwaka ukigeuka unakuwa kiganja kizima. Uliuona, ukasogeza kabati. Mgeni alipobisha ukafungua dirisha, ukawasha mshumaa wa harufu ya vanila, ukamwuliza kama kahawa yake anainywa na maziwa. Na siku uliposikia kabati la jirani wa juu nalo likiburuzwa sakafuni, uliongeza sauti ya televisheni.

Basi tulia hapo ulipo, nikupe habari za akina Piontek.

Nyumba ni yetu sote kwa maana ya kuishi. Kwa maana ya karatasi ni ya Kampuni. Zamani ilikuwa ya mgodi. Mgodi ukaiuzia benki, benki ikaiuzia Kampuni, na Kampuni nayo ina wenyewe, watu wa mji mwingine ambao hawajakanyaga mji wetu wa Herne hata kwa kupotea njia. Mfereji wa paa upande wa kaskazini ulipasuka mwaka uleule mgodi wa mwisho wa bonde hili ulipofungwa. Tukasema. Wakaja wakapiga picha. Tukasema tena. Wakaja wakaipaka nyumba rangi ya manjano, upande wa barabarani. Upande wa kaskazini maji yakaendelea kuteremka ukutani kila mvua iliponyesha, na Herne mvua si mgeni, mvua ni mpangaji mwenzetu, tena yeye halipi.

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, ndiko wanakokaa Detlef na Roswitha Piontek. Detlef alikuwa fundi wa vigae. Maisha yake yote alipiga magoti katika bafu za watu, hadi magoti yenyewe yakakataa. Daktari akamwambia akae. Akakaa. Majira yote ya baridi alikaa kwenye kochi akiwa na ndevu za wiki, akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu, na Roswitha akirudi kutoka kazini, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, alimkuta kama alivyomwacha, ila kahawa imepoa.

Kilichomwinua ni tangi la kioo. Mwenzake mmoja wa chama cha wafuga samaki alilitoa bure, lita mia na kitu, lenye mkwaruzo upande mmoja. Detlef akaliosha, akalipima kwa pima-maji ya ufundi wake kana kwamba anaweka bafu la waziri, akaliweka sebuleni kwenye ukuta wa kaskazini, mbali na jua. Akachanganya chumvi na maji yaliyochujwa, akapanga mawe ya matumbawe kama pango, akawasha pampu, kisha akavuta kiti.

“Chumvi unainunua kwa ndoo,” alisema Roswitha, “na daktari amekukataza chumvi.”

“Siili.”

“Na samaki wako wapi?”

“Bado. Kwanza mawe yaive, maji yatulie.”

Wiki zikapita. Maji yakawa ya kahawia, kisha ya kijani, kisha yakatakata. Detlef anatazama tu.

“Mawe bado hayajaiva?”

“Yanaelekea, mama.”

“Yakiiva niite nichemshe viazi.”

Lakini Roswitha alikuwa ameona jambo, naye hakulisema kwa sauti asije akalifukuza: Detlef alikuwa amenyoa. Asubuhi aliamka kabla yake kupima chumvi ya maji na kuongeza yaliyopungua. Jumapili akaenda chamani akarudi na kipande cha tumbawe laini kwenye mfuko, ukubwa wa kifungo cha shati, akakigandisha juu ya jiwe kwa gundi. Kikafunguka. Baadaye wakaja konokono, kaa wadogo wa kuazima magamba, na hatimaye wale wawili.

Wale wawili walikuwa kamba mmoja mwenye milia, karibu kipofu, na kisamaki cha njano kirefu kama kidole. Kamba huchimba tundu kutwa nzima, anatoa mchanga kwa mikono miwili kama mtu wa kibarua. Kisamaki hakichimbi. Kinakaa mlangoni, kinatazama nje. Kamba akitoka huweka sharubu moja juu ya mgongo wa mwenzake, na mwenzake akitikisa mkia tu, wote wawili ndani. Detlef alimwita kamba Fundi na samaki Mlinzi. Roswitha, ambaye alikuwa na televisheni yake, akaanza kuigeuza kidogo kidogo kuelekea tangi, hadi ikabidi aketi upande ili aione.

Kitu kimoja tu kilimkera: mashine ya povu. Ni mashine inayovuta hewa ya chumbani kwa mrija mwembamba, inaisaga ndani ya maji ipande kama povu na kubeba uchafu. Mrija ule ulikuwa unapiga mluzi. Detlef, kwa kumwonea mkewe huruma, akaupitisha nyuma ya tangi, mdomo wake ukaelekea ukutani, na mluzi ukaisha. Kumbuka mrija huo.

Ni hapo nyuma, alipokuwa anaupitisha, ndipo alipoona ukuta. Ulikuwa mweusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, na ukiugusa unaacha unyevu mkononi.

*

Akina Piontek wakasema, na Kampuni ikamtuma Bwana Lüdecke, mkaguzi wake. Mlangoni alivaa mifuko ya plastiki juu ya viatu, si kwa kutulindia zulia, bali kwa kujilinda na sisi.

“Mnafungua madirisha, Bibi Piontek?”

“Asubuhi, mchana na jioni.”

“Wazi kabisa, au mnayainamisha tu yaachie mwanya?”

“Bwana Lüdecke, mimi nimezaliwa mtaa huu. Mama yangu hakutuamsha kwa kutuita. Alifungua dirisha katika baridi ya mwezi wa kwanza, basi.”

“Watu wengi hudhani wanafungua,” alisema Bwana Lüdecke kwa upole, akampa kijitabu chenye picha za mwanamke anafungua dirisha, hatua kwa hatua, anatabasamu. Roswitha ana miaka hamsini na tisa. Alikipokea, akasema asante. Hilo la kusema asante ndilo lililomkosesha usingizi baadaye.

Bwana Lüdecke akachungulia bafuni, akauliza wanaoga muda gani. Akashika taulo. Akauliza nguo wanaanika wapi. Kisha akasimama mbele ya tangi.

“Na hili?”

Nisikufiche: Detlef alifurahi. Tangu magoti yamwachishe kazi, hakuna mtu mwenye tai aliyemwuliza swali. Akamweleza chumvi, akamweleza mawe, akamwonyesha Fundi na Mlinzi. Na kwa kuwa ni mtu mkweli, wa kazi iliyonyooka, akamweleza na lisiloulizwa.

“Linakunywa lita mbili kwa siku.”

“Linakunywa?”

“Maji hupanda hewani. Kila asubuhi naongeza.”

Kalamu ya Bwana Lüdecke, iliyokuwa imelala, ikaamka.

“Lita mbili kila siku, Bwana Piontek. Zinakwenda wapi?”

“Hewani.”

“Na kutoka hewani?”

Detlef akatazama ukuta, akamtazama mkewe.

“Na mfereji wa paa?” aliuliza Roswitha.

“Mfereji ni idara nyingine.”

Wiki iliyofuata ikaja barua. Alhamisi atafika mtaalamu. Akithibitisha kwamba chanzo cha kuvu ni tangi, tangi litoke, gharama za mtaalamu juu yao. Na lisipotoka, Kampuni italazimika kuutazama upya mkataba wa nyumba. “Kulazimika” ndilo neno walilotumia. Hawa watu kila wanachokufanyia wamelazimika.

Detlef akaenda kwa chama cha wapangaji, kwa mwanamke mmoja aitwaye Bibi Tegtmeier anayetoa ushauri Jumanne katika ukumbi wa kanisa, koti halivui kwa baridi iliyomo humo.

“Msiguse kitu,” alimwambia. “Huo ukuta ndio shahidi wenu. Maji yanatoka nje yanakuja ndani, na kuvu inaonyesha yalikopita. Hata vumbi liacheni. Na majirani je? Kwao vipi?”

“Kwao kuzuri, nadhani.”

“Unadhani. Waulize.”

Alipomfikishia mkewe ujumbe, Roswitha aliweka uma mezani.

“Niwaulize nini? Samahani, kwenu kunanuka kama kwetu?”

*

Jumatano ilikuwa zamu yake ya kusafisha ngazi. Katika nyumba yetu kibao cha zamu huzunguka mlango kwa mlango, na mtu akiruka zamu yake habari hufika hadi duka la mikate kabla ya saa nne. Roswitha hajawahi kuruka. Alikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya pili na ndoo yake, pale jirani wa ghorofa hiyo, Bibi Yıldız, alipofungua mlango. Miaka kumi na minane wanaishi dari moja na sakafu moja, wameshikiana watoto, wamezikiana wazazi, na bado wanaitana Bibi.

“Nilimwona yule wa Kampuni, Bibi Piontek. Kuna tatizo?”

“Hapana, hapana. Kukagua tu. Kwenu je?”

“Kwetu? Kwetu safi.”

“Ndivyo ninavyowaambia watu. Kwa Bibi Yıldız hata nzi huvua viatu.”

Wakacheka wote wawili. Na nyuma ya mlango ule, chumba cha watoto, kulikuwa na kabati limesimama pasipo pake, na nyuma ya kabati weusi wa urefu wa mtu. Kwa Bibi Yıldız Bwana Lüdecke alikwishafika, mwaka wa jana, na mifuko yake ya plastiki. Kwa kuwa hapakuwa na tangi, alikuta supu. “Mnachemsha sana,” alimwambia. Bwana Hülsmann wa chini aliambiwa hawashi hita ya kutosha. Kijana mmoja wa mlango wa kulia aliambiwa anaiwasha kupita kiasi. Bibi mzee Kaczor, aliye peke yake, hapiki wala haogi sana, aliambiwa kwamba binadamu akilala hutoa mvuke, na yeye analala mno. Kila mlango ulipewa kosa lake, kwa sauti ya chini, kama daktari anavyokupa jina la ugonjwa wa aibu. Na kila mlango ulilipokea, ukalifunga ndani. Ukuta mmoja, mfereji mmoja, na wakosaji wanane wasiojuana.

“Haya, kazi njema,” alisema Bibi Yıldız.

“Nawe pia.”

Roswitha akapanda na ndoo yake. Detlef alikuwa kwa mtu wa kumnyoosha magoti, hatarudi hadi alasiri. Akasimama sebuleni na glavu bado mikononi.

Nataka umwelewe. Si kwamba alisahau maneno ya Bibi Tegtmeier. Aliyawaza moja moja. Lakini kesho atakuja mtu msomi, atainama nyuma ya tangi, atauona weusi ule katika nyumba ya mwanamke ambaye kazi yake ni kufua shuka za watu. Ataandika. Na akiandika, tangi litaondoka, na Detlef atarudi kwenye kochi. Roswitha akapiga hesabu yake, hesabu iliyonyooka kabisa: kusipokuwa na kuvu, hakuna kesi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha akifanya kazi yake vizuri, wafiwa hawaoni kitu.

Alikuwa na chupa ya dawa ya kuvu, ile kali inayonuka kama bwawa la kuogelea. Akafanya kila kitu kwa uangalifu. Asukume tangi? Haiwezekani, lina uzito wa watu wawili. Basi akalifunika kwa kitambaa cha meza cha Krismasi, kilicho kizito kuliko vyote, akakibana pembe zote ili tone lisiingie. Akafunga dirisha, harufu isije ikapanda kwa jirani wa juu wala kushuka kwa wa chini. Mwanamke aliyepewa kijitabu cha kufungua dirisha, siku hiyo moja alilifunga. Kisha akapenyeza mkono nyuma ya tangi, akapulizia kutoka chini hadi juu, akasubiri, akafuta, akapulizia tena. Weusi ukateremka kama wino. Chini yake ukuta ulikuwa mweupe, mweupe kuliko siku waliyohamia.

Na mrija wa Detlef, mdomo ukiwa shubiri moja kutoka ukutani, ulivuta. Hiyo ndiyo kazi yake. Ulivuta hewa ile yote, ukaisaga ndani ya maji, pumzi kwa pumzi, chini ya kitambaa chenye nyota na malaika.

*

Detlef alisikia harufu akiwa bado kwenye ngazi. Alipoingia, Roswitha alikuwa ameketi, mikono magotini, anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi.

“Tazama ukuta,” alisema.

Hakutazama ukuta. Alivuta kitambaa. Povu lilikuwa limefurika, linatiririka kwenye kioo. Matumbawe yote yalikuwa yamefunga, yamenywea, mengine yanaachia utando kama makamasi. Konokono walikuwa wameanguka kwenye mchanga, mdomo juu.

“Umetumia nini?”

Akamwonyesha chupa. Alisoma, akaiweka mezani taratibu, kibandiko kikitazama ukuta.

“Nililifunika, Detlef. Nililifunika vizuri.”

“Naona.”

“Tone halikuingia.”

“Najua, mama. Hewa ndiyo iliyoingia.” Akachomoa mrija, akakaa nao mkononi. “Mimi ndiye niliyeuweka hapo.”

“Kwa sababu mimi nililalamika.”

“Lete ndoo.”

Walifungua madirisha yote, wazi kabisa, kama kwenye picha. Wakachanganya maji mapya ya chumvi, wakayapasha moto, wakahamisha wenye uhai. Hawakuwa wengi. Fundi walimkuta mlangoni pa tundu lake amelala ubavu, sharubu zimenyooka. Mlinzi alikuwa hai, anahema haraka. Walipomweka ndooni pamoja na kipande cha jiwe chenye kishimo, alizunguka mara moja, kisha akaenda akakaa mdomoni mwa kile kishimo, anatazama nje. Ndani hapakuwa na mtu.

Roswitha alitazama mpaka akashindwa. “Anamlinda nani sasa?” aliuliza.

*

Alhamisi mtaalamu alifika. Alikuwa Bwana Lüdecke yuleyule, ila safari hii ameshika kifaa chenye taa.

Alichungulia nyuma ya tangi. Alichungulia tangi lenyewe: maji meupe kama ya kuoshea mchele, pampu imezimwa. Akaonekana kufurahi kwa dhati, na hilo ndilo baya lake, si mtu mbaya.

“Hongereni. Mmeona wenyewe. Chanzo kimezimwa, kuvu imeondoka.”

“Kuvu ilikuwapo hadi jana,” alisema Roswitha. “Nimeifuta mimi. Kwa mkono huu.”

“Na mmefanya vyema. Usafi tunausisitiza.”

“Hunielewi. Nimefuta ushahidi. Bonyeza hicho kidude chako ukutani.”

Akabonyeza. Taa ikawaka nyekundu.

“Unyevu uliobaki,” alisema. “Utakauka.”

“Nje kunanyesha, Bwana Lüdecke. Mfereji...”

“Nimekwisha kueleza juu ya mfereji, Bibi Piontek.”

Aliandika: tatizo limetatuliwa na wapangaji wenyewe. Gharama hakuwatoza. Alisema ni kwa wema, na Roswitha, kinywa kikamtangulia tena, akasema asante.

Mlinzi alichukuliwa na mtu wa chamani. Tangi lilishushwa stoo ya chini, likiwa kavu. Detlef akarudi kwenye kochi. Ndevu zikaota.

*

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja ya mvua Roswitha alikuwa anapiga ufagio mahali lilipokuwa tangi, akauona: alama ya kidole chenye masizi. Siku iliyofuata vidole vitano. Jumamosi kiganja. Hapakuwa na tangi, hapakuwa na lita mbili, hapakuwa na wa kunywa wala kunyweshwa. Dirisha lilikuwa wazi tangu alfajiri, pumzi inaonekana kwa baridi ndani ya nyumba.

Alikwenda jikoni akarudi na kitambaa na ile chupa. Detlef alimwona kutoka kwenye kochi. Roswitha akapiga goti, akainua chupa, kidole kwenye kitufe.

Kisha akaweka chupa chini. Akaweka kitambaa juu yake. Akatoka kama alivyo, na ndara za nyumbani, nywele hazijachanwa, kitu ambacho ngazi zetu hazijawahi kukiona, akashuka ghorofa moja, akabonyeza kengele.

“Bibi Yıldız, njoo uone uchafu wangu.”

Bibi Yıldız alipanda. Alisimama mbele ya ukuta, mikono imekunjwa, akatazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyedhani yuko peke yake na ugonjwa wa ukoo.

“Na wewe uliambiwa ni nini?” aliuliza mwisho.

“Samaki.”

“Mimi supu.”

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka simjui, walisikika hadi uani, na hakikuwa kicheko kizuri.

“Nisaidie kusogeza kabati, Bibi Piontek.”

“Roswitha.”

“Nisaidie kusogeza kabati, Roswitha.”

Lilikuwa zito. Walipokuwa wanalisukuma wakasikia hatua ngazini, moja baada ya moja, za mtu anayeshika ukuta kwa kila kidato. Detlef alisimama mlangoni, ndevu zake hivyohivyo. Akaweka bega kwenye kabati kando ya mkewe.

Kufikia jioni milango minane ilikuwa wazi na makabati yamesimama katikati ya vyumba kama watu waliokamatwa. Supu, hita, usingizi, samaki. Bibi mzee Kaczor alilia, si kwa kuvu, ila kwa kuwa miaka miwili alikuwa akijizuia kulala. Hakuna aliyefuta chochote. Jumatatu saa tatu Bwana Lüdecke anakuja, tumemwita sote kwa barua moja, na safari hii ataanza upande wa kaskazini, nje, mvuani, chini ya mfereji, na viatu vyake bila mifuko.

Sijui atasema nini. Wala si yeye ninayezungumza naye.

Nazungumza nawe, uliyelisoma hili lote ukiwa umeipa mgongo ile pembe. Inuka. Si Jumatatu, sasa. Shika kabati lako, livute. Chupa iache ilipo. Usifute. Kisha toka hivyohivyo ulivyo, bonyeza kengele ya jirani, na akikwambia kwake ni safi, usicheke naye. Mwambie avute la kwake.